Jinsi Wanafunzi Wetu Arobaini na Mmoja Walivyookolewa

Nchi yetu inaitwa Shwari. Asiyeamini na aangalie ramani, na akikosa kuiona humo aulize kituo chochote cha polisi, atahakikishiwa. Mimi nimekuwa mtumishi wa umma wa nchi hiyo kwa miaka ishirini na miwili, na katika muda wote huo sijaona jambo baya hata moja, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuandika taarifa. Taarifa zetu hupita kwa wakubwa watatu kabla ya kutoka, na kila mkubwa huondoa baya analoliona. Zinapofika kwa wananchi huwa zimebaki nzuri tupu.

Nayaeleza mambo ya Uzarani kwa sababu watu wameyapotosha. Wapo wanaosema eti wanafunzi wetu waliachwa. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa karani wa ubalozi wetu huko, na jina langu, Theonesti Kagoma, limo katika kila karatasi. Nitaeleza kama ilivyokuwa, na msomaji ataona mwenyewe kwamba hakuna hatua iliyoruka utaratibu.

Uzarani ni nchi ya mbali yenye theluji nyingi. Rais wao na Rais wetu walikuwa marafiki. Rais wao alimpa Rais wetu nafasi arobaini na moja za masomo ya udaktari, na Rais wetu, ambaye hapendi kupokea bila kutoa, akampa mlima mmoja pamoja na vilivyomo ndani yake. Vijana wetu wakaenda. Wakapangiwa hosteli ya ghorofa nne katikati ya mji mkuu, ikulu upande mmoja na kambi kuu ya jeshi upande wa pili. Tulijivunia sana hosteli ile. Balozi wetu alikuwa akiwaambia wageni kwamba mwanafunzi wa Shwari analala akilindwa pande zote mbili.

Mwaka wa nne wa masomo, Rais wa Uzarani na mkuu wake wa majeshi walitofautiana kidogo kuhusu nani kati yao ni Rais. Wakaanza kujadiliana kwa mizinga, mmoja akiwa ikulu, mwingine kambini. Kwa kuwa hosteli ilikuwa katikati, majadiliano yalipita juu yake, na mara mojamoja ndani yake.

*

Siku ya tatu ya majadiliano alikuja ubalozini binti mmoja anayeitwa Nyamizi Lukonge, katibu wa umoja wa wanafunzi. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alikuwa mmoja wa wale wanafunzi wanaofanya vizuri mpaka walimu wao wanaona haya. Alikuwa amevaa koti moja juu ya lingine na nywele zake zilijaa vumbi la chokaa. Nilimwambia ajifute kidogo kabla ya kuingia kwa Mheshimiwa, akajifuta.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema.

"Marahaba, binti yangu. Karibu uketi. Unaona mwenyewe tulivyo shwari," alisema Balozi Mwinyimvua.

Wakati huohuo kioo cha dirisha kikaangukia ndani. Balozi alitoa kipande kimoja kwenye kikombe chake cha chai, akakiweka kwenye kisahani, akaendelea kunywa. Yule alikuwa mwanadiplomasia kamili.

"Mheshimiwa, chumba cha pili kutoka changu hakipo tena," alisema Nyamizi. "Walikuwamo wenzetu wawili."

"Hakipo, kimekwenda wapi?"

"Kimepigwa bomu."

"Hilo neno hapa hatulitumii, mwanangu. Serikali ya Uzarani imetuandikia rasmi kwamba mjini kuna zoezi la kuimarisha utulivu. Mimi nikianza kuwaondoa wanafunzi wangu kwenye utulivu, mwenyeji wetu atanielewaje?"

Nyamizi akasema kwamba nchi nyingine zilikuwa zikiwaondoa watu wao kwa mabasi. Alisema hata sarakasi iliyokuja kutumbuiza mjini ilikuwa imechukuliwa na ubalozi wa kwao juzi, na tembo wao wawili walipata lori lenye blanketi.

"Usijilinganishe na tembo," Balozi alimwambia kwa upole. "Tembo anaondoka bila maandishi. Wewe ni msomi. Bwana Kagoma, mpatie binti fomu."

Nikampatia. Ni Fomu ya Uthibitisho wa Hatari, ambayo nilisaidia kuitunga mwenyewe. Ina sehemu ya jina, sehemu ya aina ya hatari, saa hatari ilipoanza, tarehe inayotarajiwa kwisha, na chini kabisa sahihi ya mwenye kuhatarisha. Kifungu hicho cha mwisho ndicho kinachozuia udanganyifu. Kabla hatujakiweka, mtu yeyote angeweza kusema yumo hatarini.

Nyamizi alisoma mpaka chini, akarudia.

"Mwenye kuhatarisha ni nani, Mheshimiwa?"

"Yule anayepiga."

"Niende nimwombe anayepiga aweke sahihi kwamba anatupiga?"

"Kwa heshima," alisema Balozi. "Uende kwa heshima. Wale ni wenyeji wetu."

Alipoondoka nilisahihisha orodha yangu. Wale wawili wa chumba kisichokuwepo niliandika kwamba wamehama makazi. Orodha ikabaki na majina arobaini na moja, kama ilivyotakiwa.

*

Aliyekwenda kutafuta sahihi hakuwa Nyamizi. Alikuwa mwenzake, kijana anayeitwa Shomvi, mrefu, mcheshi, mtu wa pwani, ambaye kwa miaka minne alikuwa akiwapikia wenzake pilau kila Ijumaa kwa jiko moja la umeme. Habari hizi nilipewa na Nyamizi mwenyewe, na nazieleza kama alivyozieleza, bila kuongeza chumvi.

Nyamizi alitaka kwenda yeye. Shomvi akamwambia, "Wewe ukienda utabishana nao. Mimi nina uso wa kuaminika. Hata mapolisi huniomba niwashikie mzigo."

Akavaa shati jeupe na tai, akachukua fomu na kalamu mbili, akashuka. Wenzake walijibanza kwenye dirisha la ngazi wakimwangalia. Kizuizi cha wanajeshi kilikuwa pembeni mwa barabara, hatua kama themanini kutoka mlangoni. Aliinua mikono, akatembea polepole, akafika. Askari wa kwanza alichukua fomu akaigeuzageuza. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa alikuja na miwani yake, akasoma kila mstari, akauliza kitu, Shomvi akamwonyesha kwa kidole pa kuandika. Yule ofisa aliilaza fomu juu ya mgongo wa askari wake, akaweka sahihi, akaandika na cheo chake. Wakapeana mikono.

Shomvi akageuka kurudi. Alikuwa ameiinua fomu juu ili wenzake wa dirishani waione, na Nyamizi anasema alikuwa anacheka. Hatua ya thelathini hivi akapigwa risasi. Haikuthibitishwa kama ilitoka kambini au ikulu, na sisi kama nchi isiyofungamana na upande wowote hatukuuliza.

Nyamizi alitambaa kwa tumbo mpaka pale alipoangukia. Alimkuta amekwisha kufa. Hakuweza kumvuta, akachukua fomu, akarudi nayo kwa tumbo vilevile. Siku iliyofuata aliileta ubalozini na kuiweka mezani kwangu.

Niliikagua. Ilikuwa imejazwa vizuri sana, kwa mwandiko wa kusomeka. Sahihi ilikuwepo, cheo kilikuwepo. Lakini palikuwa na tundu, mahali pale pa tarehe ambayo hatari inatarajiwa kwisha, na pembezoni mwake karatasi ilikuwa imelowa na kukauka. Kanuni ya kumi na nne inasema waraka uliotoboka usipokewe.

Nilimweleza hivyo.

"Sahihi yenyewe si halali?" aliuliza.

"Sahihi ni halali kabisa. Tatizo ni tundu."

Nikampa fomu mpya. Akaniangalia mimi, akaangalia meza yangu. Nilidhani anatafuta kalamu, nikampa ya kwangu.

*

Huku nyumbani wazazi walianza kufanya mambo yasiyo ya Kishwari. Walikwenda kukaa kwenye ngazi za Wizara ya Usalama na Sherehe wakiwa na picha za watoto wao. Aliyewatangulia alikuwa mama yake Nyamizi, mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, mjane, ambaye Nyamizi ndiye mtoto wake pekee. Askari waliwamwagia maji. Wakakaa palepale wakikauka. Redio za nje zikatangaza. Rais wetu akazisikia akiwa anakula, na inasemekana alisukuma sahani.

Siku hiyohiyo Waziri akatangaza Operesheni Kumbatio. Alisema serikali haitalala, na kwamba ndege itakwenda Uzarani kuwachukua vijana wote bila kubagua. Ndege ikapatikana, yenye viti sitini. Ikaundwa kamati ya uokoaji: Waziri na wasaidizi wake, wabunge wa kamati ya ulinzi, wabunge wa kamati ya elimu, ambao walilalamika wasiachwe, mtaalamu wa ushauri nasaha, wapiga picha sita, na kikundi cha ngoma, maana huwezi kuwapokea vijana waliopatwa na msukosuko bila ngoma. Jumla wakawa watu hamsini na wanane.

Sisi ubalozini tuliwatangazia wanafunzi wafike uwanja wa ndege wenyewe ifikapo saa nne asubuhi, wakiwa nadhifu. Uwanja uko kilomita kumi na saba kutoka hosteli. Walitoka thelathini na wanane, wakatembea kwenye theluji wakifuata reli, wakiwa wameshikana mikono kwa mstari kwa agizo la Nyamizi. Walifika thelathini na sita. Wawili waliobaki nyuma walikaa chini kupumzika na hawakusimama tena. Niliwaandika kama wachelewaji.

Ndege ilikuwa imeshatua. Ngoma ikapigwa. Waziri alisoma hotuba ya dakika hamsini kuhusu mkono mrefu wa serikali, ambao alisema unamfikia kila Mshwari popote alipo. Vijana walikuwa wamesimama kwenye barafu. Baadhi walipiga makofi bila kuambiwa, ingawa baadaye nilielezwa kwamba walikuwa wanapasha vidole moto.

Kisha ukafika wakati wa picha. Kila mwanafunzi aliitwa jina, akapanda ngazi ya mbele ya ndege, akageuka mlangoni, akapunga mkono, akaingia. Ndani alipokelewa na mtaalamu wa ushauri nasaha, aliyemwambia "pole", na kuongozwa katikati ya viti vilivyojaa wajumbe mpaka mlango wa nyuma, ambako alishushwa kwa ngazi nyingine ili kumpisha anayefuata. Kazi ilikwenda upesi. Waliokuwa wamehama makazi, na wachelewaji, na Shomvi, walipandiwa na wacheza ngoma, ili hesabu itimie.

Walipokuwa wote wamepanda na kushuka, Balozi na mimi tukaenda kuchukua viti viwili vilivyobaki. Nyamizi alikuwa amesimama chini ya ngazi ya nyuma na wenzake nyuma yake.

"Bwana Kagoma," aliniita. "Sisi tunapanda saa ngapi?"

"Mmeshapanda," nilimwambia. "Nimewaandika wote."

"Lakini tuko chini."

"Ndiyo, mmeshuka pia. Hilo halimo kwenye fomu."

Mmoja wa wasichana alianza kuita jina la mama yake. Nyamizi akamshika bega. Alitazama ule mlango, akatazama reli waliyoifuata, na nikaona midomo yake ikihesabu watu. Injini zikaanza kuvuma, sikusikia alichowaambia, ila niliona kupitia dirishani kwamba walijipanga tena mstari, wakashikana mikono, wakaanza kutembea kuelekea upande wa mpaka.

*

Tulitua nyumbani adhuhuri ya siku iliyofuata, taifa zima likiangalia kwenye televisheni. Wazazi walikuwa wamepangwa kwenye mahema wakiwa na maua waliyogawiwa. Hapo ndipo Waziri aligundua upungufu uliokuwepo, yaani wanafunzi.

Lakini Shwari haina jambo lisilotatuliwa. Kando ya uwanja walikuwa wamesimama watoto wa shule ya sekondari ya jirani, kidato cha pili, walioletwa kupeperusha bendera. Tukachagua arobaini na mmoja. Tukawapokonya bendera, tukawapa mabegi ya wajumbe wayashike, tukawapandisha ndegeni kwa mlango wa nyuma. Mimi niliandika majina kwenye vikaratasi na kuwabandika kifuani, kwa kuwa orodha ilikuwa kwangu.

Cha Nyamizi Lukonge nilimpa msichana wa miaka kumi na sita anayeitwa Semeni, aliyekuwa amesimama karibu.

"Mimi naitwa Semeni," alisema.

"Uliitwa," nilimwambia.

"Mama yangu ananisubiri nyumbani."

"Mama yako atapata barua. Umepata nafasi ya masomo nje ya nchi."

Na kweli wazazi wote wa watoto wale walipelekewa barua za pongezi siku ileile. Nasikia wengi walichinja kuku.

Ngazi ziliposhukwa na majina kuitwa, mkunga alikuja mbele na ua lake. Akamtazama Semeni kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Huyu si mwanangu," alisema.

Waziri alitabasamu kwa ajili ya kamera. "Mama, miaka minne ni mingi. Watoto hubadilika."

"Hubadilika. Lakini hawapungui miaka."

"Baridi ya kule huhifadhi," alisema Waziri.

"Mheshimiwa, mimi nimezalisha watoto elfu na kitu. Sijawahi kumkabidhi mama mtoto asiye wake. Nyamizi yuko wapi?"

Hapo nilisogea, kwa sababu ni kazi yangu kufafanua, nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba mzazi anayemkataa mtoto aliyeokolewa anakuwa amesema kwamba uokoaji haukufanyika, na kusema hivyo ni uchochezi. Nikamwonyesha baba mmoja wa hema la pili aliyekuwa amemkataa wa kwake na sasa alikuwa anasindikizwa kwenda kupumzika. Mpaka leo hajamaliza kupumzika.

Mkunga hakutishika, nilimwona. Alifungua mdomo aendelee. Ila yule Semeni alikuwa anatetemeka mpaka begi linagonga magoti yake, na akasema kwa sauti ndogo, "Mama, wamesema nikikataliwa wananirudisha kwenye ndege."

Mkunga akamvua yule mtoto begi, akalibeba yeye. Akampa ua.

"Twende," alisema. "Umekula?"

Picha ile ilitumika kwenye stempu.

*

Wanafunzi wenyewe, naomba niwataje kwa kifupi, maana kwenye kumbukumbu zetu hawapo tena. Walitembea siku kumi na moja. Nyamizi ndiye aliyekuwa akiamua lini wapumzike na kwa muda gani, na waliotaka kulala kwenye theluji aliwapiga makofi mpaka wakasimama. Hata hivyo kumi na wanne hawakufika mpakani. Ng'ambo ya mpaka palikuwa na ubalozi wetu mdogo. Wale ishirini na wawili waliosalia walibisha hodi, na balozi mdogo wa pale aliwapokea kwa chai, akaangalia taarifa ya Operesheni Kumbatio, akawaeleza kwa masikitiko kwamba walikwisha kurudi nyumbani na mtu hawezi kurudi mara mbili. Akawauliza kama wanazo nyaraka zinazoonyesha kwamba hawajarudi. Hawakuwa nazo.

Wengi wao wako kambi ya wakimbizi mpaka sasa, wameandikishwa kama raia wa nchi isiyojulikana. Nyamizi hakukubali kuandikishwa. Alifanya kazi ya kufua hospitalini, akapata lifti kwenye malori, nchi hadi nchi, na miezi mitano baada ya kuokolewa kwake aliingia Shwari akiwa juu ya lori la vitunguu.

Jirani mwema akatoa taarifa. Mimi wakati huo nilikuwa nimepandishwa cheo kuwa Mkaguzi wa Waliookolewa, kwa hiyo nikaenda nyumbani kwa mkunga asubuhi, na askari wawili.

Niliwakuta uani wote watatu. Mkunga alikuwa kwenye kigoda. Semeni alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, mkia wa nywele zake ukiwa umesukwa vizuri. Na kwenye kizingiti alikaa mwanamke aliyekonda, miguu yake imefungwa vitambaa vya gunia. Nilimtambua mara moja. Lakini kumtambua hakukuwa katika majukumu yangu.

"Hodi, mama," nilisema.

"Umeshaingia," alijibu mkunga.

Nikaeleza sheria bila kumwonea mtu. Nilisema kwamba serikali ina Nyamizi Lukonge mmoja tu, na hapa uani naona mawili yanawezekana. Kama Nyamizi ni huyu wa kwenye kizingiti, basi huyu wa ungo ni tapeli aliyejipenyeza kwenye uokoaji wa taifa, na kifungo chake ni miaka kumi na mitano. Mama aliyempokea kwa sahihi yake ni mshirika, naye vivyo hivyo. Na huyu wa kizingiti mwenyewe atakuwa amekwepa kuokolewa, kosa ambalo adhabu yake haijaandikwa bado, ila ni kubwa. Lakini kama Nyamizi ni huyu wa ungo, basi huyu mwingine ni mgeni tu, na Shwari haijakataza wageni.

"Nakuomba unionyeshe mwanao kwa kidole," nilimalizia.

Semeni aliweka ungo chini. "Nitakwenda mimi," alisema. "Msimshike yeye. Mama, mimi nitakwenda, najua kukaa mbali na nyumbani."

"Nyamaza," mkunga alimwambia, bila ukali.

Yule wa kizingiti akasema, "Mama, sema unavyoona ni sawa. Mimi nimeshafika."

Mkunga alimtazama kwa muda. Nilitaka kuangalia saa lakini nikaona si adabu. Kisha akainua ule mkono wake mkubwa, na mkono ukapita mbele ya kizingiti, ukasimama hapo kidogo, ukaenda mpaka kwenye ungo.

"Huyu ndiye Nyamizi wangu," alisema.

"Na yule?"

"Simjui. Alipita akiomba maji."

Niligeuka kwa yule wa kizingiti ili nithibitishe. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ni kweli, Bwana Mkaguzi," alisema. "Niliomba maji."

Mkunga akaingia ndani, akatoka na beseni la maji ya vuguvugu. Akapiga magoti mbele ya mgeni, akaweka mguu wake mapajani, akaanza kufungua vitambaa vya gunia, taratibu, kwa sababu vilikuwa vimeshikana na ngozi. Mguu wa kulia ulikuwa na vidole viwili tu. Mkono wa mkunga ukatulia pale palipokosekana vitatu.

"Viliuma?" aliuliza.

"Havikuuma. Vilikuwa vimeshakufa ganzi nilipovikata."

"Ulivikata mwenyewe?"

"Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nimalize," alisema mgeni. "Nilijua pa kukata."

Nimekwenda nyumba nyingi kwa kazi hii na sijaona ukarimu wa namna ile kwa mtu asiyejulikana. Niliona inafaa niuandike. Nikatoa kalamu na kumuuliza mkunga nijaze jina gani la mgeni.

Hakuinua kichwa. "Jaza unavyotaka. Ila ukimaliza utoke uani kwangu, baba, maana mgeni wangu anataka kulia na mbele yako hawezi."

Nilimwambia hana haja ya kuona haya. Kulia hakujakatazwa na sheria, mradi waliao wasizidi wawili mahali pamoja, kwa sababu wakifika watatu huo unakuwa mkusanyiko na unahitaji kibali. Tukaaga, tukatoka, askari wakarudisha mlango wa ua. Nje tulisimama kidogo kusikiliza, kama utaratibu unavyotaka.

Walikuwa wanalia watatu. Askari wangu mmoja aliniuliza nitaandika wangapi, nikamwambia kalamu yangu haina wino wa kutosha, nikaandika wawili.